Mzee Mmoja Hapigi Entenga

Entenga ni ngoma 15 zinazopigwa na watu 6 kwa wakati mmoja. Ngoma 12 kati ya hizo zimelinganishwa sauti na kupangwa kwa mstari, kuanzia yenye sauti nene hadi yenye sauti nyembamba kabisa, na watu 4 huzigawana kwa fimbo ndefu zilizopinda. 3 zinazobaki huachiwa watu 2 wanaoshika mdundo. Ilikuwa ngoma ya Kabaka, mfalme wa Buganda, ikipigwa ndani ya uzio wa ikulu yake. Kwa hiyo, inapoandikwa kwamba mzee fulani ndiye mpigaji wa mwisho wa entenga, sifa hiyo ina kasoro ya hesabu ndani yake. Mtu mmoja anaweza kuwa wa mwisho kuikumbuka entenga, lakini hawezi kuwa wa mwisho kuipiga, kwa kuwa siku alipompoteza mwenzake wa tano entenga ilikuwa imekwisha kitambo, hata kama yeye mwenyewe aliishi miaka 40 zaidi akiwa na afya njema na mikono isiyotetemeka.

Nimeanza na hesabu hiyo kwa sababu mazungumzo yetu kuhusu wanamuziki wakongwe wa Uganda yamejengwa juu ya mtu mmojammoja. Mzee hutafutwa kijijini kwake, hurekodiwa, hupigwa picha akiwa na kanzu na koti, hupewa cheti, na akifariki tunarudia msemo uleule wa maktaba iliyoteketea. Naiheshimu nia iliyo nyuma ya mambo hayo. Hata hivyo, kwa sehemu kubwa ya muziki wa asili wa Buganda na Busoga, ambao ndio ninaoujadili hapa zaidi, mtu mmoja ni kipimo kisichofaa. Muziki huo ulitungwa ili upigwe na watu wengi waliogawana kazi, ukatunzwa na taasisi na hafla zilizowakusanya watu hao mahali pamoja, na hufa pale kikundi kinapovunjika, mara nyingi miaka mingi kabla ya mazishi ya mzee wa mwisho. Tunapohesabu wazee walio hai tunahesabu kitu ambacho kimeshatokea. Hesabu yenye maana ni ya vikundi kamili vinavyokutana na kupiga.

Tuchukue marimba ya amadinda, ambayo ni rahisi kuyaeleza kuliko entenga, ingawa nyimbo zake ni zilezile kwa sehemu kubwa. Yana vipande 12 vya mbao vilivyolazwa juu ya vigogo viwili vya migomba, na wapigaji wake ni 3. Wa kwanza, omunazi, huanzisha mfululizo wake. Wa pili, omwawuzi, hukaa upande wa pili wakitazamana, akaingiza mapigo yake katikati ya mapigo ya mwenzake, pigo moja la huyu na pigo moja la yule, kwa kasi ambayo jicho huchoka kuifuata. Wa tatu, omukoonezi, hubaki kwenye vipande 2 vya mwisho vyenye sauti nyembamba, akirudia huko juu sauti fulani anazozisikia zikijitokeza chini. Kila mmoja wa wale wawili wa kwanza hupiga mapigo yaliyo sawasawa, bila madoido, na akipiga peke yake hata mtu aliyekulia Buganda anaweza asitambue ni wimbo gani unaopigwa. Wakiungana, wimbo hutokea. Gerhard Kubik, mtafiti kutoka Austria aliyekuwa mwanafunzi wa Mzee Evaristo Muyinda, mpigaji wa ikulu ya Kabaka, karibu na mwaka 1960, ameandika kwa kirefu jinsi sikio linavyozichambua sauti za juu na za chini kutoka katika mchanganyiko huo na kusikia vipande vya nyimbo ambavyo hakuna mkono hata mmoja uliovipiga. Mwimbaji naye huyakuta maneno yake humohumo.

Muziki wa namna hiyo haumo kichwani mwa mtu mmoja kwa jinsi hadithi au dawa ya mitishamba inavyoweza kuwamo. Mzee hodari anaweza kuzijua sehemu zote tatu na kumfundisha kila kijana sehemu yake, na hapo thamani yake ni kubwa mno; lakini wale vijana watatu wakishatawanyika, mmoja kwenda kuendesha bodaboda Kampala, mwingine kwenda kutafuta kazi ya ulinzi Uarabuni, kilichobaki kwa yule wa tatu ni theluthi moja ya kila wimbo, na theluthi moja ya wimbo wa amadinda si wimbo.

Rekodi zipo, na hapa sitaki nieleweke vibaya. Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alirekodi muziki wa ikulu ya Mengo mwaka 1950 na tena mwaka 1952, Temutewo Mukasa na kinubi chake cha ennanga akiwa miongoni mwa waliorekodiwa. Klaus Wachsmann, Mjerumani aliyekuwa msimamizi wa Makumbusho ya Uganda kati ya mwaka 1948 na 1957, alizunguka nchi nzima na mashine yake, na nakala za kazi yake zimerudishwa Chuo Kikuu cha Makerere, ambako hifadhi ya sauti inaitwa kwa jina lake. Bila watu hao tusingejua entenga ilisikikaje ilipokuwa na wapigaji waliozoeana. Lakini rekodi haikuonyeshi namna ya kuchonga. Ngazi ya sauti ya Kiganda ina sauti 5 zinazokaribia kuachana kwa nafasi sawa, jambo ambalo kinanda hakina na mwalimu wa kwaya hakulifundishwa chuoni. Anayetengeneza amadinda hupunguza mbao kidogo upande wa chini katikati ili kuishusha sauti, au nchani ili kuipandisha, kisha hugonga, husikiliza, huchonga tena. Kinachomwambia basi, imetosha, ni sikio lililoshinda miaka mingi kati ya wapigaji wenzake. Hapo ndipo mzee hana mbadala, na ndipo mahali ambapo mahojiano ya nusu saa mbele ya kamera hayafiki kabisa.

Sasa kwa nini vikundi vilivunjika? Jibu linalopendwa ni kwamba vijana wamepotoka, wanapenda mambo ya kigeni, hawana subira. Jibu hilo ni la uvivu. Anayeliamini afike Bugisu, mashariki mwa Uganda, katika mwaka unaogawanyika kwa mbili, msimu wa tohara ya imbalu, asikilize ngoma za kadodi na aangalie umri wa wanaozipiga. Kadodi haikuhitaji mradi wa kuiokoa, kwa kuwa hafla yake ipo, inajulikana itakuja lini, na familia ya mtahiriwa iko tayari kugharimia. Siku hizi ngoma hizo zinakodiwa hata Kampala kwenye harusi na mikutano ya siasa. Palipo na hafla na mlipaji, wapigaji huzaliwa wenyewe.

Katika Buganda mlipaji mkubwa alikuwa ikulu. Wapigaji wa ala za Kabaka walitoka katika vijiji na koo zilizokabidhiwa ala hizo, wakaenda Mengo kwa zamu, na utumishi wao uliambatana na haki ya ardhi, chakula na heshima ya mtu wa Kabaka. Mvulana alijifunza kwa sababu baba au mjomba alikuwa na zamu, na zamu hiyo ingekuja kumwangukia yeye. Wakikosea, walikosea mbele ya watu waliokuwa na uwezo wa kuwaondoa. Sioni haja ya kuupamba utaratibu huo: uliegemea utiifu ambao leo tungeuita kazi ya lazima, na uliwafungia wanawake nje, kwa kuwa kwa desturi ya Buganda wao waliimba na kucheza huku ngoma na marimba yakibaki mikononi mwa wanaume. Lakini ulikuwa na sifa moja ambayo hakuna mradi wowote wa sasa ulioipata, nayo ni kwamba uliwaweka watu 6 mahali pamoja, mwaka baada ya mwaka, bila mmoja wao kujiuliza atakula nini.

Tarehe 24 Mei 1966 wanajeshi wakiongozwa na Idi Amin, kwa amri ya Milton Obote, waliivamia ikulu ya Mengo. Kabaka Edward Mutesa II alitoroka na baadaye alifia London. Ala ziliharibiwa, na wapigaji wakatawanyika, wengi wao wakiona ni busara kutotaja tena kwamba waliwahi kuwa watu wa ikulu. Mwaka uliofuata katiba mpya ilifuta falme zote. Ziliporejeshwa mwaka 1993 na Ronald Muwenda Mutebi II akatawazwa, kijana aliyekuwa na miaka 25 siku ya uvamizi alikuwa na miaka 52, na miaka 27 kati yake ilipita bila zamu, bila mazoezi, bila mtoto wa kumrithisha kitu ambacho hakikuwa na matumizi.

Tena kilichorejeshwa mwaka 1993 si mwajiri yule wa zamani. Ibara ya 246 ya Katiba ya mwaka 1995 inawatambua viongozi wa jadi, lakini inasema wazi kwamba hakuna mtu atakayelazimishwa kumtii kiongozi wa jadi wala kuchangia gharama za kumtunza. Mimi naiunga mkono ibara hiyo kwa moyo wote. Lakini wanaodhani kwamba muziki wa ikulu ungefufuka wenyewe kwa kuwa ikulu imefunguliwa hawajaisoma. Ufalme wa leo huendeshwa kwa michango ya hiari, kodi za viwanja na biashara zake, na katika bajeti ya namna hiyo wapigaji 6 wa kudumu wanashindana na shule na mashindano ya mpira ya koo. Hakuna wa kulaumiwa hapo, ila pengo lipo.

Maisha ya Mzee Muyinda yanaonyesha ni kitu gani hasa kinachoziba pengo la namna hiyo. Alizaliwa mwaka 1914, akawa mpigaji wa ikulu, na Wachsmann alimwajiri Makumbusho ya Uganda, kwenye Barabara ya Kira, kazi yake ikiwa ni kuwapigia wageni ala zilizokuwa zimewekwa pale. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo, na mtu angeweza kuiona kuwa ya kumdhalilisha mpigaji wa Kabaka. Lakini alikuwa na mshahara, chumba, ala zilizotunzwa na mahali ambapo mwanafunzi angemkuta. Ndiyo maana watafiti walimpata yeye. Ndiyo maana vijana walimzunguka. Ndiyo maana hata baada ya 1966 aliendelea kupiga na kufundisha hadi alipofariki mwaka 1993, mwaka uleule falme ziliporudi. Tena hakuwa mlinzi wa mambo ya kale tu. Alizichanganya marimba, filimbi za endere, zeze za endingidi, vinubi na ngoma katika kundi moja, mpangilio ambao ikulu haikuujua, kwani pale kila ala ilikuwa na watu wake na mahali pake. Wengi wanaoona kundi kama hilo leo kwenye sherehe wanadhani wanatazama desturi ya karne nyingi. Albert Ssempeke, mpigaji mwingine wa ikulu aliyefariki mwaka 2006, naye aliacha wanafunzi hadi Uskoti, na mwanawe mwenye jina hilohilo anaendelea. Tofauti kati ya wazee hawa wawili na wenzao ambao majina yao hatuyajui haikuwa ya kipaji tu, kwa kuwa ikulu ilijaa watu wenye kipaji. Wawili hawa walipata mahali pa kupigia.

Ukivuka Mto Nile kuingia Busoga, hali ni ileile kwa sura nyingine. Bigwala ni tarumbeta za vibuyu virefu, kila kimoja kikitoa sauti moja tu, hivyo wapulizaji 5 au zaidi hulazimika kupokezana ili wimbo utokee. Zilikuwa hasa za sherehe na misiba ya kifalme. UNESCO ilipoiweka bigwala mwaka 2012 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa kwa haraka, walibaki wazee 4 tu wenye ujuzi kamili. Wanne, kwa muziki unaohitaji watano. Muziki huo ulikuwa tayari umeshapita mstari siku ulipoandikwa kwenye orodha.

Kilichofuata kinastahili kusifiwa kuliko kinavyosifiwa. James Isabirye wa Chuo Kikuu cha Kyambogo na wenzake hawakuishia kuwarekodi wale wazee. Waliwakusanya vijana wa Busoga wafundishwe kwa vikundi, na kabla ya hapo walilazimika kurudi shambani, kwa kuwa aina ya mmea unaozaa vibuyu virefu vya kutosha ilikuwa imekuwa adimu, na ilibidi mbegu zipandwe upya. Anayeandika maombi ya fedha za utamaduni Kampala huwa hafikirii mbegu. Fundi wa bigwala hufikiria mbegu kwanza. Isabirye huyohuyo ndiye aliyeongoza juhudi za kufundisha entenga upya, Mzee Musisi Mukalazi, aliyewahi kuipiga ikuluni enzi za ujana wake, akiwa mwalimu. Angalia mpangilio wa kazi hiyo: mzee mmoja aliketishwa kati ya kundi la vijana na ngoma kamili, wala hakuachwa peke yake mbele ya maikrofoni.

Bado Busoga, kuna kijiji cha Nakibembe, ambako marimba makubwa ya embaire hulazwa juu ya shimo lililochimbwa ardhini ili sauti ipate nguvu, na watu kadhaa hukaa pande zote mbili wakipiga kwa pamoja. Kikundi cha hapo kilitoa albamu mwaka 2023 kupitia kampuni ya muziki ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala na kimepiga hadi Ulaya. Wengine huona hadithi ya Nakibembe kama ushindi wa soko la kimataifa. Mimi naisoma kinyume chake. Soko la nje lilikuta kikundi kinachokaa kijiji kimoja, kinachojuana kwa udugu na ujirani, kinachopigia sherehe za majirani, halikukiunda. Lingefika kijiji ambacho wapigaji wake wametawanyika, lisingekuwa na kitu cha kununua.

Ubaya ni kwamba hata mahali ambapo hafla zipo, gharama zinawapinga wengi. Mwenye shughuli ya kwanjula, yaani utambulisho wa mchumba kwa wakwe, anayepanga bajeti yake anajua kwamba kundi la ngoma la watu 10 linahitaji usafiri, chakula, mavazi na malipo ya watu 10, ilhali mtu mmoja mwenye spika na kompyuta mpakato anakuja kwa pikipiki. Ukiangalia muziki wenye mizizi ya asili uliostawi Uganda katika nusu karne iliyopita utaona kwamba hesabu hii ndiyo iliyochagua. Kadongo kamu, ule wa mtu mmoja na gitaa lake akisimulia kisa kwa dakika 15 au zaidi, ulistawi katika miaka ileile ambayo vikundi vya ikulu vilikuwa vimenyamazishwa. Herman Basudde, aliyefariki mwaka 1997, na Paulo Kafeero, aliyefariki mwaka 2007, walikuwa washairi wakubwa, na wangekuwa wakubwa katika muziki wowote. Lakini umbo walilolichagua lilikuwa umbo ambalo mtu mmoja anaweza kulibeba kwenye basi. Huko Acholi, vita na maisha ya kambini vilipozifilisi familia, kundi kubwa la larakaraka, ngoma ya vijana ya Waacholi, likawa anasa kwa harusi nyingi, na Otim Alpha wa Gulu, mwimbaji wa harusi aliyezijua nyimbo hizo vizuri, akaziimba juu ya mapigo ya kompyuta yaliyotengenezwa na Leo PaLayeng. Albamu yake ya mwaka 2017 inasikika hadi leo katika kumbi za Ulaya. Nyimbo zimesalimika. Vijana waliokuwa wakizicheza kwa mduara na vibuyu mikononi hawakuhitajika tena.

Sisemi hivyo kwa kulalamika, maana muziki unaojipunguza ili uishi unafanya jambo la akili. Adungu, kinubi cha Waaluri wa Nile Magharibi, kimesambaa nchi nzima makanisani na mashuleni baada ya kulinganishwa sauti upya kwa ngazi ya kinanda, na sasa kuna watoto wengi wanaokipiga kuliko wakati wowote uliopita. Mashindano ya shule nayo hufanya kazi ambayo ufalme hauwezi: hukusanya vijana, wasichana wakiwemo, huwapa mwalimu na sababu ya kufanya mazoezi. Yana kasoro yake kubwa, kwamba wimbo unaopaswa kujirudia hadi sikio lizame hukatwa kwa dakika za jaji, na kikundi huvunjika mtihani ukimalizika. Kikundi cha ngoma cha Ndere Troupe, cha Stephen Rwangyezi, tangu mwaka 1984, imewapa vijana wengi ajira jukwaani, na ukumbi wake wa Ntinda hukaa wazi wiki baada ya wiki, ingawa onyesho linalopita makabila 10 kwa jioni moja haliwezi kukaa na kabila lolote kwa muda wa kutosha.

Kuhusu wazee wenyewe na mifuko yao, mambo ni machache na ni ya kusikitisha. Ruzuku ya serikali kwa wazee ni shilingi 25,000 kwa mwezi, na kwa miaka mingi, katika sehemu kubwa ya nchi, mtu amekuwa akianza kuipata akifika miaka 80. Mpigaji wa miaka 72 ambaye vidole vyake bado vinafanya kazi, na ambaye ndiye tunayemhitaji, yuko nje ya mpango. Hakimiliki haimsaidii pia. Sheria ya mwaka 2006 imejengwa juu ya mtunzi mwenye jina na siku ya kufa, ulinzi ukidumu maisha yake na miaka 50 baadaye, na wimbo unaotokea kati ya omunazi na omwawuzi, uliorithiwa kutoka kwa watu wasiojulikana, hauingii vizuri katika sanduku hilo. Akija mgeni akarekodi, kinachomfikia mzee ni posho ya siku ile.

Wasomaji wa Kiswahili wanao mfano wa karibu wa namna jambo hili linavyoweza kupangwa vizuri zaidi. Ikhwani Safaa, kikundi cha taarabu kilichoanzishwa Zanzibar mwaka 1905, kimeshazika vizazi kadhaa vya wapiga udi, kanuni na fidla, na bado ni Ikhwani Safaa. Culture Musical Club inafanya vivyo hivyo tangu mwaka 1958. Vina uanachama, jengo, siku za mazoezi na sherehe za kualikwa, na kijana huingia akiwa wa nyuma kabisa, akapanda kadiri wakubwa wanavyoondoka. Mkongwe anapofariki kiti chake huwa na mtu wa kukikalia. Sioni kwa nini Iganga au Mukono pasiwe na klabu ya namna hiyo, yenye wanachama 20, wanawake kwa wanaume, na chumba chenye ala ambazo hazimilikiwi na mtu mmoja. Fedha za utamaduni zinazotolewa na serikali, falme na wafadhili zingekwenda kwa klabu hizo kwa sharti moja tu linalopimika, kwamba kikundi kamili kinakutana kila wiki, na zingelipia vitu visivyopendeza kwenye picha: nauli, chakula cha mchana, ngozi za ngoma, miche ya musambya ambao mbao zake ndizo zinazochongwa amadinda na embaire. Mzee angekuwa mwalimu wa klabu mwenye posho ya kila mwezi, si mgeni wa heshima wa siku moja. Makumbusho ya Uganda nayo ingerudisha nafasi aliyokuwa nayo Mzee Muyinda, ila safari hii iwe nafasi ya wapigaji 3, kwa sababu amadinda yana wapigaji 3.

Kuna pingamizi mbili ninazozichukulia kwa uzito. Ya kwanza ni kwamba fedha hizo zitavifuata vikundi vinavyoimba sifa za wakubwa, na anayeijua Uganda hawezi kuipuuza; ndiyo maana nasisitiza mazoezi ya kila wiki yaliyo wazi kwa yeyote kuyatazama, badala ya kamati ya kuchagua vikundi bora. Ya pili ni ngumu zaidi. Haiwezekani kufufua kila kitu, na fedha zikitosha kwa muziki mmoja tu, itabidi tuchague. Wengi wangechagua entenga, kwa utukufu wake na kwa jeraha la 1966. Mimi ningechagua embaire na bigwala. Entenga ina mwenyeji mmoja, naye ni Kabaka. Uamuzi wa kuiweka tena uani kwake kwa zamu za kudumu ni wake na wa watu wake wanaomchangia, na rekodi pamoja na vijana waliofundishwa na Mzee Mukalazi watawarahisishia kazi siku wakiamua. Embaire na bigwala zina wenyeji kila kijiji, katika harusi, misiba na mavuno ya Busoga, wenyeji ambao bado wanazijua, bado wangezialika, na kwa sasa wanashindwa tu kulipia nauli ya watu wanane.